Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Kakuma, Soko la Kakuma Moja
3 Februari 2025

Mwalimu Reuben Ebenyo,

Wewe hunijui na mimi sikujui. Jina lako nimepewa na Christine wa maktaba ya vijana hapa kambini. Anasema ulimfundisha historia na mpaka leo anakuogopa. Anasema pia kama kuna mtu Turkana nzima anayejua mambo ya sarafu za zamani ni wewe, na kwamba simu huipendi, anayekutaka aandike. Basi nimeandika. Barua inakuja kwa mkono wa Epuyo, yule dereva wa lori la soda.

Mimi ni Nyawech, Mnuer wa Malakal. Nashona nguo sokoni. Marehemu mume wangu Both alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa kutembea. Kila mji aliolala kwa ajili ya kazi, alichukua sarafu moja ya huko akaiweka ndani ya kopo la tumbaku. Moja tu, hata angekaa mwaka. Aliuawa Malakal mwisho wa Disemba 2013, vita ilipofika. Mimi nilikuwa Juba kwa dada yangu na mtoto mgongoni, nikakimbilia huku. Kopo nililetewa mwaka 2019 na ndugu yake Koang, ambaye ndiye alimzika. Ndani kuna sarafu kumi na moja.

Binti yetu Nyakuoth ana miaka kumi na mbili. Baba yake hamkumbuki hata sauti. Juzi alimwaga sarafu kitandani akaniuliza, "Mama, hii ni ya wapi? Alienda huko lini?" Sikujua kumjibu vizuri, Mwalimu. Niliona aibu. Picha ya baba yake hatuna, kaburi liko mbali, kilichobaki ni hilo kopo. Nataka nijifunze, nimpe mtoto safari za baba yake moja moja na miaka yake.

Nimeangalia video kwa simu. Zote zinapiga kelele tu, mtu anainua sarafu anasema ukiwa na hii wewe ni tajiri. Mimi utajiri sikuuliza. Mtu anayeanza kabisa aanzie wapi? Asome nini?

Ni mimi,
Nyawech, mama Nyakuoth

*

Lodwar
11 Februari 2025

Mama Nyakuoth,

Ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana. Mwambie Christine kwamba kuogopa kwake hakukumsaidia, maana tarehe za historia alikuwa anazichanganya hivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Watu huniandikia kuniuliza bei. Wewe ni wa kwanza kuuliza asome nini, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, uvumilie.

Kabla ya kitabu chochote: usizisafishe. Najua mkono wa mama hauvumilii kitu kichafu, lakini ukisugua sarafu kwa majivu au ndimu unaondoa herufi ambazo hazitarudi tena. Hizo video ziache zipige kelele peke yake. Mwenye video anataka umtazame, hataki ujue. Kwenye kompyuta ya maktaba Christine akufungulie ile katalogi ya bure ambayo wakusanya sarafu wa dunia nzima wanaijaza wenyewe. Ni nzuri, ila isome kama unavyosikiliza majirani: mmoja akisema, muulize na wa pili. Na kuna kitabu ambacho hakiuzwi, nacho ni mtu aliyewahi kununua chumvi kwa sarafu ile ile. Hapo Kakuma una watu wa nchi kumi na zaidi. Sisi wa Lodwar tunakuonea wivu.

Sasa kazi. Weka sarafu mezani, juu yake karatasi nyembamba, pitisha penseli laini kwa ubapa wake, taratibu, mpaka sura itokee. Fanya pande zote mbili, uniletee karatasi. Sarafu zibaki kwako.

Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokusanya. Kule kwetu Kaikor na chini ziwani, akina mama wazee wanavaa shingoni, katikati ya shanga, zile senti kumi za zamani zenye tundu. Mama wa Kiturkana havui shanga zake ovyo. Akizivua kuna msiba. Sasa mimi ni nani nimwambie mama wa watu avue shanga ili nisome maandishi ya Mzungu? Naomba ruhusa, napiga magoti, naweka karatasi juu ya shingo yake, nachapa. Nina daftari nne za penseli, na sarafu zenyewe hazifiki ishirini. Wenzangu wa Nairobi wananicheka sana.

Wako,
R. Ebenyo, mwalimu mstaafu

*

Kakuma
20 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Umechelewa. Mbili nilishazisugua kwa majivu kabla barua yako haijafika. Zinang'aa kama sufuria na herufi zake zimefifia. Nimejilaumu siku mbili nzima.

Hizi hapa chapa za zote kumi na moja. Nyakuoth ndiye ameshika penseli, mimi nilishika karatasi. Tulicheka, sura zikitoka kwenye karatasi tupu mtoto alikuwa anapiga makofi. Zile tano zina maandishi ya Kiarabu, hizo najua ni Sudan. Tatu ni Uganda, mbili ni hapa Kenya. Ile ya kumi na moja ndiyo sijui. Ina rangi mbili, katikati nyeupe na pembeni njano. Upande mmoja kichwa cha simba, upande mwingine mizani. Maandishi yake yanasimama kama vijiti na viti vidogo.

Uliuliza kwa Epuyo kama niko peke yangu. Siko peke yangu. Mwaka 2014 mtu wa Malakal alifika hapa akasema alimwona Both akianguka kwa risasi. Tukalia, tukafanya matanga kwa desturi yetu. Koang alipokuja miaka mitano baadaye akathibitisha kila kitu, akanipa kopo. Kwetu ndugu anaingia nyumba ya ndugu aliyekufa, na mtoto atakayezaliwa ni wa marehemu. Sisi ni watu wa kanisa lakini hilo hatujaliacha. Nina kijana wa miaka mitatu, Gatbel. Koang ndiye aliyemzaa, lakini anaitwa mwana wa Both, na atakuwa hivyo mpaka mwisho. Koang ni mtu mzuri. Hanipigi, halewi, anabeba maji kama mwanamke na watu wakimcheka hajali. Kitu kimoja tu, nikianza habari za kopo anatoka nje.

Nyawech

*

Lodwar
6 Machi 2025

Mama Nyakuoth,

Chapa ni safi sana. Mwambie Nyakuoth nimezibandika kwenye daftari ya tano, na jina lake nimeliandika juu.

Zile za Sudan zina miaka miwili pamoja, wa Kiislamu na wa kawaida. Tarakimu zake jifunze hivi: nukta ni sifuri, kiduara ni tano, ile kama V ni saba, na V iliyopinduliwa ni nane. Nyingine nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Hesabu ya Waislamu hufuata mwezi, kwa hiyo usiichanganye na yetu. Usiniulize jibu, soma mwenyewe kwanza, halafu niandikie nikusahihishe. Mwanafunzi anayepewa jibu hulisahau akifika mlangoni.

Kuna kanuni moja tu nitakayokulazimisha kuikariri. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu hauambii ni lini ilifika mkononi mwa mtu. Unakuambia kwamba kabla ya mwaka huo haikuwepo duniani. Basi. Sarafu ya 1987 Both angeweza kuipata hata 2012. Wengi wanaoanza huteleza hapo.

Nakutumia fotokopi ya sehemu ya katalogi yangu ya zamani, nchi zinazotuzunguka. Za Sudan, Uganda na Kenya zote zimo, zitakutosha kwa miezi mingi.

Ile ya simba bado naiangalia.

R. Ebenyo

*

Kakuma
15 Machi 2025

Mwalimu,

Tunasoma kila jioni baada ya ugali. Sudan zote tano tumezipata, na nimeandika majibu yangu kwenye karatasi nyingine, chukua kalamu yako nyekundu. Nyakuoth sasa anajifanya profesa, anasahihisha hata kalenda ya kanisani.

Ni yeye aliyeona kwamba kurasa zako zinatoka arobaini na moja zinaruka mpaka arobaini na tatu. Mwisho wa arobaini na moja kumeandikwa "Ethiopia" na chini yake hakuna kitu. Ile ya simba ni ya Ethiopia, sivyo? Kwenye kompyuta ya maktaba tuliona simba kama huyo, lakini mtandao ukakatika na mpaka leo haujarudi. Naomba hiyo arobaini na mbili.

Nyawech

*

Lodwar
24 Machi 2025

Mama Nyakuoth,

Sudan umepata nne kati ya tano. Ile ya tatu umesoma mbili ukadhani tatu. Si vibaya.

Ukurasa wa arobaini na mbili uliliwa na mchwa. Nyumba yangu ni ya zamani. Ndiyo, ni Ethiopia, birr moja. Kwa sasa mwambie mtoto kwamba baba alifika Ethiopia, inatosha. Endeleeni na Uganda, zina mambo mengi ya kufurahisha.

R.E.

*

Kakuma
9 Aprili 2025

Mwalimu,

Pole kwa mchwa. Nimefanya ulivyonifundisha, nimetafuta mtu aliyenunua chumvi nayo. Kuna Mhabeshi anauza kahawa nyuma ya soko letu, anaitwa Tsehay. Nilimpelekea sarafu, akaibusu, Mwalimu! Akasema tangu aondoke kwao hajashika birr. Akanisomea zile alama tatu chini ya simba: ishirini, mia, nane. Yaani 2008.

Nilirudi nyumbani nikihesabu miaka. Both alinioa 2010. Tulikaa pamoja miaka mitatu na kitu, na safari zake alinisimulia, nani alimpa kazi, walikula nini, ingawa sarafu ipi ni ya safari ipi sikuwahi kuuliza. Ethiopia hakuitaja hata siku moja. Kama alikwenda huko 2008 au baadaye kidogo, alifanya nini cha kunificha? Nimeanza kuwaza kwamba kulikuwa na mwanamke. Unacheka? Mtu amekufa miaka kumi na moja na mimi namwonea wivu kwenye cherehani, nashona nguo ya watu mguu mmoja mrefu mwingine mfupi.

Nimesoma sawa? Niambie tu kama nimesoma sawa.

Nyawech

*

Lodwar
19 Aprili 2025

Mama Nyakuoth,

Umesoma sawa. Alama ni hizo, ishirini, mia, nane.

Usimwonee marehemu wivu. Mwanamume anaweza kupita mahali na asiwe na la kusimulia. Naomba sana uliache hapo.

R.E.

*

Kakuma
14 Mei 2025

Mwalimu Ebenyo,

Leo sikusalimii.

Jana nilimpelekea Tsehay nguo aliyonipa nimshonee. Kwa ukuta wake ametundika kalenda ya kanisa lao. Juu imeandikwa 2017, kubwa kabisa. Nikamcheka, nikamwambia mama, hii ya zamani hivi ya nini, nikuletee mpya? Akanicheka yeye. Akasema dada yangu, kwetu huu ndio mwaka 2017, sisi hesabu yetu iko nyuma ya yenu miaka saba, na kwa miezi mingine ya mwaka ni miaka nane.

Nilikaa kwenye kile kistuli chake nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa nasari. 2008 yao inaanza Septemba ya 2015 yetu. Nikarudia. Nikamwambia Tsehay ahesabu yeye. 2015.

Kanuni yako nimeikariri: kabla ya mwaka huo haikuwepo duniani. Mume wangu alikufa Disemba 2013. Nani aliweka hiyo sarafu kwenye kopo?

Na wewe ulijua. Ulinifundisha kalenda ya Kiislamu ukairuka ya Wahabeshi. Nimeenda kwa Christine nikamuuliza, akasema nyumba yako ina sakafu ya simiti na vitabu vyako viko kwenye kabati la chuma. Mchwa wa wapi anakula ukurasa mmoja, wa nchi moja, halafu anashiba? Nilikuuliza nimesoma sawa, ukaniambia sawa. Nilikuita mwalimu wangu.

Sijamwambia Koang. Analala upande wa pili wa pazia na mimi simjui ni nani.

Nyawech

*

Lodwar
20 Mei 2025

Nyawech,

Ukurasa wa arobaini na mbili huu hapa. Si fotokopi, nimeuchana kwenye kitabu chenyewe. Mstari wa birr moja nilishauwekea alama tangu Februari, usiku ule ule nilipopata chapa zenu. Nilijua kabla chai yangu haijapoa.

Nilikudanganya, na nilikudanganya kwa makusudi. Sitaki kujitetea, ila sababu nakupa kwa kuwa una haki nayo.

Mwaka 2009, pale Longech kando ya ziwa, niliweka karatasi kwenye shingo ya mama mmoja, Akai. Katikati ya shanga alikuwa na senti kumi. Mume wake alimwambia siku ya kumwoa kwamba ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyefariki kabla ya Uhuru. Mimi na kiherehere changu nikasoma kwa sauti: 1964. Mwaka mmoja baada ya Uhuru. Kumbe kijijini kulikuwa na maneno kwamba senti ile ilitoka shingoni mwa mwanamke mwingine. Jioni hiyo alivua shanga zake zote akakaa nje mbele ya watu, na mume wake yuko hai, amesimama hapo hapo na nyavu mikononi. Unajua maana yake sasa. Alimtangaza kuwa maiti. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini. Sikuwahi kurudi Longech.

Ulipoandika kwamba Koang anabeba maji na hajali kuchekwa, nikamwona Akai. Nikajiambia, mzee, safari hii funga mdomo. Nilikosea. Wewe uliniomba kujua, na mwenye kuomba kujua si wangu kumchagulia.

Sasa nisikilize kwa mara ya mwisho kama utakubali. Sarafu inasema iliingia kwenye kopo baada ya Septemba 2015. Haisemi aliyeiweka ni nani. Inaweza kuwa Koang mwenyewe, ameokota njiani. Usimhukumu kwa sarafu. Muulize, mchana, watoto wakiwa shuleni, na awepo mtu mmoja unayemwamini.

Nisamehe ukiweza.

Reuben Ebenyo

*

Kakuma
8 Juni 2025

Mwalimu,

Nilimuuliza. Alikuwepo Christine, na mchungaji wetu. Niliweka sarafu mezani, na ukurasa wako kando yake, nikasema Koang, hii haikuwepo duniani ulipomzika ndugu yako.

Hakubisha hata kidogo. Aliinama, akaanza kulia kama mtoto, mwanamume mzima. Akasema, "Alikuwa hai nilipomwacha. Ni mzima mpaka leo."

Mwalimu, acha nikueleze kwa utaratibu, maana mimi mwenyewe siku tatu sikuelewa.

Both alipigwa risasi ya bega, hakufa. Yeye na Koang walivuka kwenda Ethiopia, wakafika kambi za Gambella mwaka 2014. Walitutafuta. Mwaka 2016 alifika mtu kutoka huku Kakuma, Both akamuuliza habari zangu. Yule akamjibu, "Mke wako yupo, mtoto yupo, na wewe walishakukata."

Hilo ndilo sikukuandikia vizuri Februari. Kwetu mtu akifa, baada ya muda tunamkata. Mbuzi anachinjwa, mzee anamwambia marehemu kwa jina lake: tumekutenga, geuka uende, usiwatazame tena watoto wako. Hapo ndipo roho yake inaachana na sisi. Mtu akikatwa kwa makosa naye yuko hai, basi roho yake imeshaenda, kilichobaki ni mwili. Ni mzimu unaotembea. Hawezi kurudi kukaa kama baba wa nyumba. Anakula pembeni, hatoi jina kwa mtoto, hasemi penye mambo ya ukoo, na akiwasogelea watoto anaweza kuwaletea kifo. Bibi yangu alimjua mtu mmoja wa hivyo, aliishi kijijini kwao mpaka uzeeni na hakuna aliyemwita kwa jina.

Nani alimkata Both? Ni mimi. Wazee walisema tungoje mwaka mzima, hatujaona mwili. Mimi nikasema hapana. Mtoto alikuwa anaumwa kila wiki, nikaogopa kwamba ni baba yake anamtazama. Nilishona usiku na mchana, nikanunua mbuzi kwa Mturkana mmoja, nikawasukuma wazee wakafanya. Mei 2014. Mume wangu wakati huo alikuwa Gambella na bega lake linaoza, ananitafuta.

Koang anasema Both aliposikia alikaa siku mbili bila kula. Wazee wa kule wakamwambia ni kweli, huwezi kurudi. Mwaka 2019 akamwambia Koang, "Nenda ukae nyumba yangu, usimwache mtoto wangu. Mwambie ulinizika Malakal." Akampa kopo. Kabla ya kulifunga akatoa sarafu mfukoni, akaitia ndani. Koang aliona, hakufikiri kitu.

Sijui kama aliitia kwa mazoea yake tu, sarafu moja kila mahali, au alitaka nijue. Nalala nikijiuliza.

Sina hasira na wewe tena, Mwalimu. Hasira yote imehamia kwangu.

Nyawech

*

Lodwar
15 Juni 2025

Nyawech, mwanangu,

Nimelia. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikamsomea, akalia naye.

Mimi si Mnuer, na mbele ya desturi ya watu navua kofia. Sitakuambia mzimu haupo. Lakini wewe ulikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa, na ulimwamini mtu aliyesema ameona kwa macho yake. Sisi wote tunasoma kwa kitabu tulicho nacho. Ukurasa wako nao ulikuwa umechanwa.

Nyakuoth anajua? Nakuuliza hilo tu. Mimi nimeshashika somo langu, usimfiche.

Reuben Ebenyo

*

Kakuma
2 Julai 2025

Mwalimu wangu,

Anajua. Nilimwambia siku niliyopata barua yako. Hakulia. Aliuliza, "Ana simu?"

Koang amehamia kwa binamu yake, Kakuma Tatu. Simchukii, alifanya alichoombwa na ndugu yake. Kila asubuhi anakuja kumbeba Gatbel mabegani, halafu anarudi. Wazee wamekaa mara mbili bila kuelewana. Mmoja anasema aliyekatwa amekatwa. Mwingine anasema kuna njia, ya ng'ombe na maji, ila hajaona ikifanywa tangu ujana wake. Mchungaji anasema mbele ya Mungu hakuna mzimu unaotembea, kuna mtu tu. Nimewasikiliza wote kwa heshima. Nilipotoka nje nikamwomba Koang namba.

Jumapili baada ya ibada nilinunua vocha kubwa, tukapanda ile sehemu ya juu karibu na tangi la maji ambapo mtandao unashika. Nyakuoth akapiga mwenyewe. Ikalia mara nne. Mwanamume akasema kwa Kinuer, "Nani?" Mtoto akanisukumia simu.

Nikataja jina langu. Nikadhani imekatika, nikaangalia kioo, sekunde bado zinahesabu. Namsikia anapumua. Mimi nilikuwa nimepanga maneno, nimeyaandika mpaka kwenye karatasi, nikayasahau yote. Halafu akauliza polepole, kama mgeni aliye mlangoni kwa watu, "Nyawech, mimi naruhusiwa kusema na watoto?"

Miaka kumi na moja, Mwalimu, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Nikalia kwa sauti, sikujificha. Nikamwambia, "Sema, Both. Mimi ndiye niliyekukata, na mimi ndiye ninayekuambia sema." Nikampa Nyakuoth simu. Akamwambia jina lake, ingawa baba yake ndiye aliyempa. Akamwambia yuko darasa la saba. Wakaendelea hivyo mpaka vocha ikaisha.

Nyawech, mama Nyakuoth